Mtaa Mmoja, Bidhaa Moja

Shemeji yangu ana duka la vyombo pale Majengo, Dodoma, na kwa miaka mingi hakuwa na sababu ya kukanyaga Dar es Salaam. Mzigo alikuwa akiuchukua kwa tajiri mmoja wa jumla papo hapo mjini, mara nyingine kwa mali kauli, anaweka cha juu chake, maisha yanakwenda. Siku hizi yeye na tajiri huyo wanasalimiana tu msikitini. Shemeji anapanda treni ya umeme alfajiri, asubuhi hiyo hiyo yuko Kariakoo, na usiku analala kwake. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ikapangwa shilingi 31,000, na safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula siku ikawa ya saa tatu na ushee hadi nne.

Desemba nilimwomba tuongozane. Yeye alikuwa anafuata sufuria na chupa za chai. Mimi nilikuwa nimechoka kuwasoma wachumi kwenye karatasi, nikataka kuona kwa macho kwa nini watu wanaouza kitu kile kile hubanana mtaa mmoja, bega kwa bega, wakati nchi ni kubwa na sehemu nyingine hazina hata duka la kiberiti.

Kwenye mahandaki ya Kilosa mtandao ulikatika, ndipo shemeji akaweka simu chini. Tangu tuondoke alikuwa anachati na winga wake wa Kariakoo, ambaye alimtumia picha za seti za sufuria moja baada ya nyingine, kila moja na bei yake. Nikamuuliza, kama picha unazo na bei unazo, nauli ya nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Shemeji, picha haioneshi unene wa bati."

Kuhusu tajiri wa Dodoma, kuna Mmarekani aliyemwandika bila kumjua. Mwaka 1991 Paul Krugman alichapisha makala fupi iliyokuja kuwa moja ya sababu za kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Hoja yake ni kwamba muuzaji au mwenye kiwanda hupenda kukaa penye wateja wengi, na wateja nao huvutwa penye bidhaa nyingi na nafuu. Duru hiyo ikishaanza inajilisha yenyewe. Usafiri ukiwa ghali sana, kila mji hujitegemea, na tajiri wa Dodoma anakula kwa raha zake kwa sababu Kariakoo iko mbali. Gharama ya kusafiri ikishuka kufikia kiwango fulani, mji mkubwa unaanza kuumeza mdogo. Ikishuka zaidi ya hapo, baadhi ya shughuli zinaweza kuukimbia mji mkubwa kwa sababu ya pango na foleni, lakini huko hatujafika. Wengi wetu Dodoma tulipoiona reli tulisema biashara inakuja. Watu wachache walifikiri kwamba mteja naye anaweza kuondoka kwa treni hiyo hiyo.

Kutoka stesheni hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu, ingawa ukifika Gerezani mwendo unaacha kuwa wako. Unapelekwa. Guta limejaa maboksi linakupigia kengele mgongoni, kuli anapiga kelele "njia, njia", kirikuu kimeziba mtaa kinashusha mzigo, na kila baada ya hatua mbili kijana anakushika mkono kwa upole: "Karibu bosi wangu, kuangalia bure." Shemeji hajibu. Anatembea ameinamisha kichwa, begi limegeuziwa tumboni, kama mtu anayevuka mto.

Tulipofika penye maduka ya vyombo nikaelewa habari ya bati. Alichukua sufuria, akaigeuza, akabonyeza kitako kwa dole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe, kisha akaigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Akairudisha. Duka la pili, vile vile. La tatu akauliza bei, akacheka, akatoka. Hakuna kati ya maduka hayo lililokuwa mbali na jingine kwa zaidi ya hatua chache, na hapo ndipo penye siri yote. Kama duka la kwanza lingekuwa Kariakoo, la pili Tegeta na la tatu Mbagala, shemeji asingepima sufuria tatu kwa siku moja. Angenunua ya kwanza kwa mashaka, au asingenunua kabisa. Mnunuzi asiyejua ubora wala bei ya haki huenda mahali ambapo kulinganisha hakumgharimu kitu. Kwa hiyo muuzaji aliye peke yake mbali na wenzake hapati wateja wote wa eneo lake, bali wale tu wenye haraka au wasio na nauli. Mshindani wako wa jirani ndiye anayemtoa mteja nyumbani kwake.

Harold Hotelling aliligusa jambo hili mwaka 1929 kwa njia nyingine. Chukua wauza mihogo wawili pale Coco Beach, ufukwe umenyooka, watu wamejipanga sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Busara ya kawaida inasema mmoja akae robo ya kwanza, mwingine robo ya mwisho, kila mtu apate mihogo karibu. Lakini wa kwanza akisogea kidogo kuelekea katikati, anamnyang'anya mwenzake wateja bila kupoteza wa kwake. Mwenzake naye anasogea. Jioni utawakuta wote wawili katikati, wanagusana sinia, na watu wa ncha zote wanatembea mbali kuliko ilivyohitajika. Hesabu yake ni nzuri, ila mimi naona inamfaa muuza mihogo kuliko muuza sufuria. Kwa Hotelling wauzaji wanagombania wateja ambao tayari wapo. Kariakoo wateja hawapo. Wanatoka Dodoma, Songea, Lubumbashi, Moroni, na wanakuja kwa sababu wauzaji wamerundikana.

Winga ndiye aliyenifundisha zaidi. Kwa wasiomjua, winga hana duka, hana mzigo, mara nyingi hana hata kiti. Ana simu na anajua nani ana nini leo asubuhi. Wa shemeji ni kijana mwembamba wa viatu vya wazi, na tulipomkuta alikuwa amesimama mbele ya fremu ya mtu mwingine akiwahudumia wateja kama ya kwake. Shemeji alitaka chupa za chai za lita tatu, rangi moja, katoni kadhaa. Duka lile lilikuwa nazo chache. Mwenye duka hakusema "hakuna". Alisema "zipo, dakika tano," winga akatokomea uchochoroni, na kabla soda yangu haijafika nusu akarudi na katoni begani kutoka stoo ya ghorofa ya pili ya mtu wa tatu. Kila mmoja alipata chake. Ina maana kila mwenye duka pale ana stoo kubwa kuliko anayoilipia, kwa sababu majirani zake wote ni stoo yake.

Mambo haya hayakuanza kwa mpango. Kariakoo haina mto, haina mgodi, na bandari iko karibu lakini si mlangoni. Wajerumani walikuwa wamepima viwanja hapa kwa ajili ya makazi ya Waafrika, wakajenga na ukumbi wa chuma. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi hapo, na jina la kikosi chao kwa Kiingereza ndilo lililolainika midomoni mwetu likawa Kariakoo. Mwaka 1923 ukumbi ukawa soko. Jengo la sasa, lenye paa lililochanua kama miavuli, lilibuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ikafunguliwa, waliokuwa na fedha zao wakaanza kwenda Dubai, baadaye Guangzhou na Yiwu, na makontena yote yakaelekea pale ambapo wanunuzi walikuwa wameshazoea kwenda. Wachumi kama Brian Arthur wamelifanyia kazi jambo hili: ajali ndogo ya mwanzo, ikishapata wafuasi wa kutosha, inakuwa vigumu kuigeuza hata kama pangekuwepo mahali bora zaidi.

Ugumu huo serikali zimeujaribu zaidi ya mara moja. Jengo la Machinga Complex, Ilala, lilijengwa ili kuwaondoa wamachinga barabarani, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 lilikuwa tayari: vizimba vipya, paa, vyoo. Sehemu kubwa ilikaa tupu muda mrefu. Watu walisema wamachinga ni wakaidi. Mimi nilipopita hapo na shemeji kwenye bajaji, aliniambia kitu ambacho hakimo kwenye taarifa za mipango miji: "Mteja wa machinga haendi dukani, anakwenda kupanda daladala. Sasa ukimpandisha machinga ghorofa ya tatu, daladala unaipandishaje?" Bila ya kumsikia shemeji, Ubungo, palipokuwa na stendi ya mabasi ya mikoani, mwaka 2025 kimefunguliwa kituo cha biashara cha maduka zaidi ya elfu mbili, kwa ubia na Wachina. Hicho sikitabirii kifo. Kimekuja na mzigo wake kutoka kiwandani, na barabara ya Morogoro inapita mlangoni. Lakini winga ninayemjua mimi bado hajahama, na mawinga ndio watu wa kuangaliwa.

Faida ya kubanana, je, inaishia mfukoni kwa nani? Niliingia kwenye fremu moja nyembamba, upana wake nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili, nikamuuliza dada muuzaji kodi yake. Kodi alinitajia. Kilemba akakataa kukitaja, akatikisa mkono tu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Kilemba ni fedha unayompa aliyekutangulia, au mwenye nyumba, ili tu uruhusiwe kuanza kulipa kodi. David Ricardo aliandika mwaka 1817 kwamba ardhi yenye rutuba zaidi haimtajirishi mkulima aliyeikodi. Ziada yote inapanda kwa mwenye ardhi. Rutuba ya Kariakoo ni umati, na umati huo wanautengeneza wafanyabiashara wenyewe, kila mmoja kwa kuwepo kwake. Anayevuna ni mwenye kiwanja. Ndiyo maana nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye ua nyuma, zimebomolewa karibu zote, na mahali pake pakaota maghorofa yenye fremu hadi chini ya ngazi.

Msongamano una bili nyingine. Julai 10, 2021 soko kuu liliungua usiku. Novemba 16, 2024 ghorofa moja liliporomoka asubuhi ya biashara, watu wakanaswa chini ya kifusi kwa siku kadhaa, na zaidi ya ishirini wakafa. Baada ya kila msiba watu wamerudi pale pale. Kwa upande mwingine, umati una sauti. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa hasira ya kodi na kamatakamata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Mwenye duka la pekee kijijini akifunga kwa hasira, atakayejua ni mkewe.

Shemeji alirudi Dodoma jioni, mzigo ukafuata kwa lori. Mimi nikapanda basi la Nairobi. Njia hiyo imeandikwa na wengi. Nitasema tu kwamba Namanga pasipoti inagongwa mara mbili chini ya paa moja, na kwamba viti vya basi letu viliundwa na mtu asiye na magoti.

Nilikuwa nataka kuona mahali ambapo watu hawauzi tu kitu kimoja, bali wanakitengeneza. Kamukunji ya Nairobi unaisikia kabla ya kuiona. Ukishaipita stendi ya Machakos na kushika barabara ya Landhies, milio ya nyundo inaanza kuja kwa makundi, kila kundi na mwendo wake, halafu ghafla inakuwa mlio mmoja usiokatika. Ndani ya vibanda na nje yake, mamia ya mafundi wanafua chuma: masanduku ya shule, majiko, karai, toroli, vikaango vya chapati vya upana wa tairi, vyombo vya kunyweshea kuku. Fuawe zao nyingi ni vipande vya reli. Ilikuwa hivi hivi Rais Daniel arap Moi alipofika mwaka 1985, isipokuwa wakati huo walifanya kazi juani kwelikweli, na vibanda vikaja baada ya ziara yake.

Nilikaa na mzee mmoja anayetengeneza masanduku, yale ambayo sisi Tanzania tunaita matranka. Mimi nilidhani anatengeneza sanduku. Kumbe anakunja tu. Bati linafika likiwa limeshapimwa na kukatwa na kijana wa banda la nyuma, ambaye hafanyi kingine tangu asubuhi. Mzee analilaza kwenye ukingo wa reli, anapiga nyundo ya mti mara chache, kona inasimama. Misumari ya kubana anaigonga mwanagenzi wake. Bawaba na komeo zinatoka kwa mama anayeziuza kwa kilo hatua kumi kutoka hapo. Rangi inapigwa na mtu mwingine kabisa, na yule mtu wa rangi ana foleni ya masanduku ya mafundi tofauti tofauti, yeye tu ndiye anajua lipi la nani. Vipande vinavyobaki vya bati havitupwi. Vinakwenda kwa watengeneza majiko, vinakuwa vimlango vya majivu.

Alfred Marshall, mchumi wa Cambridge, aliyapanga haya mwaka 1890 akiwaza visu vya Sheffield na pamba ya Lancashire. Alisema watu wa kazi moja wakikaa pamoja, fundi mwenye ujuzi hapati shida ya kuajiriwa na mwajiri hapati shida ya kumpata. Wauza vifaa na watengeneza sehemu ndogondogo wanasogea karibu nao. Na ujuzi wa kazi unaacha kuwa siri, watoto wanaukuta umetanda hewani. Mama wa bawaba hajamsoma Marshall. Lakini bawaba kwa kilo haziuziki mahali penye fundi mmoja wa masanduku.

Hewa hiyo ya Marshall inaleta pia jambo ambalo yeye alilitaja kwa furaha na mimi nililiona kwa mashaka: kuigana. "Ukitengeneza kitu kipya asubuhi," mzee aliniambia, "jioni kiko kwa jirani, na bei imeshuka." Sasa nani ataumiza kichwa kubuni? Mfano mzuri ninaoujua wa ubunifu uliotapakaa hapa ni jiko la mkaa lenye kigae cha udongo ndani na kiuno chembamba. Lilitokana na jiko la Thailand, likarekebishwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa chuma wa Shauri Moyo wakafundishwa kulitengeneza, na kwa kuwa hakuna aliyelifungia kwa hataza, likaigwa mpaka likaingia jikoni kote Afrika Mashariki, likipunguza mkaa unaochomwa. Ila gharama ya kulibuni hakuilipa fundi. Waliilipa watafiti na wafadhili. Nyundo za Kamukunji zilifanya lile ambalo zinaliweza kuliko mtu yeyote, kulizalisha jiko kwa wingi na kulishusha bei.

Dorothy McCormick, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1999 utafiti uliolinganisha makundi ya namna hii, Kamukunji likiwemo, pamoja na gereji za Suame kule Kumasi na sekta ya samaki ya Ziwa Victoria. Alionesha kwamba kukaa pamoja kunawapa mafundi soko na majirani, lakini hakuwavushi peke yake kuwa wenye viwanda. Mikopo, sheria ya mikataba, umeme, na kampuni kubwa ya kununua kwao vinatoka nje ya mtaa, au havitoki. Naafikiana naye, nikiongeza kwamba hali hii si ya muda mfupi. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu ajira Kenya, iliyoieneza dhana ya sekta isiyo rasmi duniani kote, ilitoka mwaka 1972. Watoto waliozaliwa mwaka huo sasa wana wajukuu wanaobebewa masanduku kupelekwa bweni, na bati bado linakunjwa kwenye reli.

Binti yangu naye anakwenda bweni Januari, kwa hiyo nikamuuliza mzee bei ya sanduku la kati. Akanitajia. Mkabala na banda lake kuna kijana aliyewahi kuwa mwanagenzi wake, ambaye alijifunza hapo miaka kadhaa kisha akafungua lake, na oda ikimzidi mzee humpelekea yeye. Nikavuka, nikauliza. Bei ile ile, hadi shilingi. Nikaomba apunguze. Akacheka, akaangalia upande wa mzee, akasema, "Siwezi, baba. Tumeelewana msimu huu hakuna kushuka hapo." Walikuwa wameelewana wao, na wa kushoto, na wa kulia, na nadhani wakajiona wameumaliza ushindani. Nikasogea mbele kidogo, upande wa pili wa kichochoro cha yule mtu wa rangi, ambako mama mmoja mwenye miwani alikuwa amepanga masanduku yake kwa ukubwa. Alinishushia shilingi mia mbili kabla sijafungua mdomo, akaongeza na kufuli.